Njiti ya Saa Kumi

Katika jengo zima la serikali, lenye ghorofa nne, ngazi mbili na choo kimoja kinachofanya kazi, feni iliyokuwa bado inazunguka ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwenye chumba cha redio. Si kwamba serikali ilimpenda sana Dada Redio. Mtambo ukipata joto unazimika, mtambo ukizimika vita vinakosa habari, na vita visivyo na habari, kama alivyopenda kusema mwenyewe, ni ugomvi wa walevi: kila mtu anapiga anachokigusa. Kwa hiyo jenereta la uani lililisha vitu vitatu: mtambo, feni na taa ya ofisi ya Rais. Ikifika alasiri, bati likishapashwa vizuri na jua, wakubwa wa nchi walikuwa na mazoea ya kupita hapo "kuuliza habari za mawimbi", wakasimama mbele ya feni na vifungo viwili vya juu vimefunguliwa.

"Leo mawimbi yakoje, binti?"

"Yapo, Mheshimiwa. Yanapepea."

Dada Redio alikuwa na miaka ishirini na tisa, vidole vya fundi na mdomo usiojua kufuli. Kabla ya vita alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza redio na pasi. Vita vilipoanza, serikali ilimchukua yeye na vifaa vyake, ikamwachia kibanda.

Sasa vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Serikali ilikuwa upande huu wa mto, waasi upande ule, milimani. Katikati palikuwa na daraja ambalo hakuna aliyethubutu kulivuka wala aliyekubali kulilipua, maana kila upande ulikuwa na hakika utalihitaji kesho. Kwa miaka yote hiyo pande mbili zilikuwa zimeafikiana jambo moja tu, na hawakuwahi kulivunja hata siku mizinga inanguruma: kila saa kumi alasiri waliwashiana redio na kusomeana orodha ya mateka. Namba tu. Majina marufuku, kwa kuwa majina huleta kilio na kilio humaliza betri. Kila namba ilifuatwa na neno moja kati ya matatu: mzima, mgonjwa, hayupo. Na "hayupo" haikuwa na maana kwamba ametoka kidogo.

Msomaji wa upande wa pili alikuwa mwanaume mwenye sauti ya mafua yasiyopona. Hawakuwahi kuonana. Kanuni zilimtaka Dada Redio amwite "Kituo cha Pili", lakini wiki ya kwanza tu alimwita Jirani, naye akaitwa Jirani, ikawa basi.

"Jirani, mbona leo sauti inakwaruza? Umekula mchanga?"

"Ni mizinga yenu, Jirani. Imetikisa paa, vumbi lote limeniingia kooni. Waambie wapige kwa adabu."

"Nitawafikishia. Haya, namba moja?"

"Mzima."

Ndivyo walivyoishi.

Kati ya namba zote za mateka walioshikwa ng'ambo, moja ilikuwa ya Dada Redio mwenyewe. Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, ambaye nyumbani walikuwa wameshafupisha wakamwita Kitinda, aliingizwa jeshini akiwa na miaka ishirini. Asubuhi ya kuondoka aliiba sweta nyekundu ya dada yake. Hakuiazima, aliiba. Akaacha kikaratasi juu ya kitanda: *Nitairudisha.* Miezi mitatu baadaye kikosi chake kikazingirwa, habari zikakatika, na mama yao akawa kila jioni anamuuliza binti yake, "Redio inasemaje?" kama mtu anayeuliza majibu ya hospitali.

Siku moja, orodha ilipokwisha, Dada Redio alivunja kanuni.

"Jirani, mimi sijasema kitu. Ila kama ningesema, ningeuliza kama huko kuna kijana mwenye sweta nyekundu, yenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake."

Mtambo ukakoroma. Jirani akafunga bila kuaga. Dada Redio hakupata usingizi. Kesho yake saa kumi, katikati ya orodha, ile sauti ya mafua ikasema, "Mia mbili kumi na saba, mzima. Ana sweta." Kisha ikaenda mia mbili kumi na nane kana kwamba hakuna lililotokea.

Tangu siku hiyo, dunia nzima ya Dada Redio ilining'inia kwenye neno moja linalofuata mia mbili kumi na saba.

Sasa, habari ya njiti. Kipaza sauti cha mtambo ule kilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikiliza, na huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Mtambo ulikuwa kama watu wakaidi, ukiwa unasema hausikii. Orodha ya serikali ilikuwa na mateka mia tatu na arobaini, na kuisoma kulihitaji dakika arobaini za kidole gumba kukandamiza kitufe kigumu kama kisigino. Wasomaji wa redio wote, wa huku na wa kule, walikuwa na dawa moja. Unavunja njiti ya kiberiti, unaichomeka pembeni ya kitufe, kitufe kinabaki chini, mikono yako huru, unasoma huku unajifuta jasho. Kanuni, ukurasa wa tisa, zilikataza kabisa. Dada Redio alizijua vizuri, maana kitabu cha kanuni kilikuwa chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Jumatatu moja, wiki moja hivi kabla ya mvua, Jirani alisoma kwanza. Sauti yake haikuwa na utani. Homa ilikuwa imeingia kwenye kambi ya mateka, na kwa siku kumi "hayupo" zilikuwa zimefika kumi na moja.

"Mia mbili kumi na sita, mzima. Mia mbili kumi na saba…" Akapumua. "Mgonjwa. Homa tangu jana. Mia mbili kumi na nane, mzima."

Yale maneno matatu ya ziada hayakuwa kwenye kanuni. Jirani alikuwa amemchomekea yeye. Dada Redio aliandika "mgonjwa" kwa mwandiko ulioteremka kama ngazi, na zamu yake ilipofika, akachomeka njiti na kuanza kusoma orodha yake, macho kwenye karatasi, roho ng'ambo ya mto.

Alikuwa kwenye namba sitini na nne mlango ulipofunguliwa kwa teke.

Aliyetangulia kuingia alikuwa Jenerali. Huyu bwana alikuwa ameahidi ushindi "kesho asubuhi" kwa miaka minne mfululizo, hadi wapishi, madereva na walinzi wakampa jina hilohilo: Kesho Asubuhi. Nyuma yake alikuwa Rais, mwenye miwani na karatasi mkononi. Jenerali alikuwa amemuoa dada mdogo wa Rais, kwa hiyo vita hivi, pamoja na mambo mengine, vilikuwa pia ugomvi wa mashemeji.

"Waheshimiwa, niko kwenye oro…"

"Orodha isubiri," Jenerali alisema. "Kaa. Nyamaza." Akavua kofia yake, akaitupa juu ya mtambo, akaufungulia shingo upepo wa feni.

Dada Redio akakaa, akanyamaza. Siku nyingine yoyote angekumbuka njiti. Siku ile kichwani mwake mlikuwa na neno homa, na neno hilo lilikuwa limechukua viti vyote. Na taa ndogo nyekundu, ile inayowaka mtambo unaporusha sauti, ilikuwa imefunikwa kofia ya jenerali mzima.

"Alhamisi alfajiri," Jenerali alisema. "Mizinga iko tayari, vifaru viko tayari. Bado saini yako tu, Mheshimiwa Rais."

"Mimi nilisema tuwapelekee ujumbe. Tukutane darajani, watu watano kwa watano."

"Kwa heshima zote." Jenerali akisema kwa heshima zote, walinzi huwa wanasogea mbali na vioo. "Mwasi ukimwongelesha, umempa kiti. Ukimpa kiti, atataka meza. Ukimpa meza, atataka nyumba."

"Kwani sasa hivi anakaa wapi? Nusu ya nchi anaikalia yeye, wewe unamnyima kiti?"

"Ndiyo maana tunaenda kumtoa. Mvua ikianza, bonde lote ni tope. Ni Alhamisi au mwakani."

"Dizeli unayo?"

Jenerali akaiangalia feni. "Ya kwenda ipo."

"Na ya kurudi?"

"Tutarudi na ushindi."

"Ushindi unatiwa kwenye tangi, shemeji?"

Neno shemeji likishatoka, ujue itifaki imevua viatu.

"Usiniite shemeji kazini!"

"Nakuita shemeji kwa sababu dada yangu alinipigia simu jana analia. Anasema hulali. Anasema unakaa kitandani unahesabu."

"Nahesabu, ndiyo!" Jenerali alipaza sauti, kisha ikamshuka yenyewe. "Vijana elfu nne. Kila barua ya kila mama nimeisaini kwa mkono huu. Niliwaandikia kwamba wamekufa ili tushinde. Leo niende darajani nikawape wale mkono? Nitawaambia nini mama zao? Kwamba walikufa ili tufanye kikao?"

Feni ilizunguka. Rais akaikunja karatasi aliyoishika, akaikunjua.

"Na mateka wetu?" aliuliza hatimaye. "Mia mbili na sitini. Ukivuka mto, unafikiri watawaacha hai?"

"Mateka wanajua walichoapa."

Dada Redio akainuka nusu kutoka kitini. "Mheshimiwa Jenerali…" alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

"Nimesema nyamaza."

Akanyamaza mara ya pili.

Rais alikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana nchi nzima: alishinda mabishano yote na kushindwa maamuzi yote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya," alisema kwa uchovu. "Labda wewe ndiye unayeona mbali. Lete nisaini." Akatandaza ile karatasi ya amri juu ya mtambo, akatoa kalamu, na ili apate nafasi ya kuegemeza mkono, akaisogeza kofia ya Jenerali.

Taa nyekundu ikamkonyeza.

"Hii nayo ya nini?" Rais aliuliza, kama mtu anayeuliza jina la ua.

Jenerali hakuuliza. Jenerali alikuwa mwanajeshi, alijua. Macho yake yalitoka kwenye taa, yakafuata waya hadi kwenye kipaza sauti, yakaishia kwenye njiti.

"Umeiweka saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu, Mheshimiwa."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Kumi na moja kasoro dakika tano."

Dada Redio akaivuta njiti. Kitufe kikaruka juu. Mtambo ukakoroma, na ile sauti ya mafua ikaingia chumbani kwa upole wa mtu anayebisha hodi msibani.

"Jirani? Njiti imetoka?"

Dada Redio akaibana njiti kiganjani.

"Jirani, nisikilize. Nilitaka kuzima, haki ya Mungu. Lakini Bwana Mifugo alikuwa amesimama nyuma yangu. Na Shangazi. Na mpishi."

Bwana Mifugo ndiye aliyekuwa kiongozi wa waasi; kabla ya kuasi alikuwa mtumishi wa serikali wa kuchanja ng'ombe. Shangazi alikuwa mkuu wake wa mapigano, mwanamke ambaye jina lake lilitosha kumfanya kuruta wa serikali ajifiche kitandani na viatu.

"Bwana Mifugo anauliza," Jirani aliendelea, "hiyo dizeli ya kurudi mlikuwa mnaitegemea wapi? Maana hata sisi yetu…"

"Usiwaambie hivyo, we zuzu!" sauti ya mwanamke ilisikika kwa mbali, na redio ikakatika.

Jenerali alikuwa amebadilika rangi kama chuma kilichotoka motoni. "Walinzi! Huu ni uhaini! Miezi mitano ya mipango, vita vizima vimeuzwa kwa njiti ya kiberiti!"

"Mheshimiwa, nilitaka kusema. Uliniambia ninyamaze. Mara mbili."

Rais alikohoa kile kikohozi ambacho watu wazima huficha kicheko ndani yake. Lakini buti za walinzi zilikuwa tayari zinapanda ngazi, na hilo halikuwa la kuchekesha. Dada Redio alizihesabu. Alijua akitolewa humo, kesho saa kumi orodha itasomwa na mtu mwingine au haitasomwa kabisa. Na ng'ambo, mia mbili kumi na saba alikuwa na homa. Akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe, safari hii bila njiti.

"Jirani. Ninyi mmesikia yetu. Tusikie na yenu. Chomeka njiti."

Akaachia kitufe asikilize.

"Jirani, watanichinja," ilisema ile sauti ya mafua.

"Na mimi walinzi wako mlangoni. Tutachinjwa wote, lakini wakubwa watakuwa wamesikilizana."

Akaachia. Mlango ukafunguka, walinzi wawili wakajaa. Jenerali akanyoosha kidole, na kabla hajasema, Rais akainua mkono. Haukuwa mkono mkubwa, lakini ulikuwa uamuzi wake wa kwanza tangu mwezi uanze. "Ngojeni hapohapo. Nataka kusikia."

Kwenye mtambo kulisikika mkwaruzo mdogo, kama panya anayefungua begi. Mafundi tu ndio wangeutambua: njiti inachomekwa.

Kisha sauti mbili zikaingia, zikigombana kama zilivyokuwa zimeanza zamani.

"…waje! Wana dizeli ya kwenda tu, wamesema wenyewe! Tunawangoja bondeni, tunawamaliza."

"Risasi unazo, Shangazi?"

"Za kuanzia zipo."

"Na za kumalizia?"

"Tutachukua zao."

Rais alimwangalia Jenerali juu ya miwani. Jenerali akaangalia ukuta.

"Dawa zimekwisha," iliendelea sauti ya mwanaume, sauti ya mtu aliyezoea kuwabembeleza wanyama wakubwa. "Homa imetoka kwa mateka imeingia kwa watu wetu. Mvua ikinyesha tutazikana sisi kwa sisi. Mimi nasema twende darajani."

"Wewe uliwahi kumchimbia mtu kaburi kwa jembe la kuazima?" Shangazi aliuliza, na sasa hakuwa anapiga kelele. "Elfu tatu, Bwana Mifugo. Niliwatoa kwa mama zao kwa mdomo huu, nikawaahidi. Leo nishuke darajani nikanywe chai na yule Jenerali? Nitawaambia nini mama zao?"

Jenerali alinyakua kipaza sauti. "Halo! Halo, wewe mama!"

"Hatusikiki, Mheshimiwa," Dada Redio alimwambia. "Mpaka atoe njiti."

"Mwambie atoe!"

"Hasikii. Wakiwa wanasema, sisi hatuna la kufanya. Ni kusikiliza tu."

Basi Jenerali, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kumsikiliza mtu yeyote hadi nukta, hata mkewe, alikaa juu ya sanduku la betri, kipaza sauti mapajani, akasikiliza. Alisikia Shangazi akitaja vijiji. Alisikia Bwana Mifugo akisema "najua, najua," kwa namna ileile anayosema Rais. Walinzi mlangoni walikuwa wamesahau kwa nini wameitwa. Mmoja alivua kofia.

"Anaongea…" Jenerali alisema.

"Kama wewe," alisema Rais. "Neno kwa neno. Ningejua, ningewakutanisha ninyi wawili tangu mwaka wa kwanza, mimi na huyo wa ng'ombe tukaenda kulala."

Mkwaruzo. Njiti ikatoka. "Zamu yenu," Jirani alinong'ona, kama mtu aliyekwisha kuandika wosia.

Jenerali akabonyeza kitufe. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Shangazi."

"Nani mwenzangu?"

"Kesho Asubuhi."

Walinzi waliangalia dari. Dada Redio aliangalia sakafu.

"Mnaniita hivyo hata huko, najua. Nimekusikia. Nataka kukuuliza jambo moja, la kijeshi. Hizo barua za mama zao wewe unaziandikaje? Zamu yako."

Akaachia kitufe. Shangazi aliporudi, sauti yake ilikuwa karibu, kana kwamba amemwondoa Jirani kwenye kiti. "Siandiki. Naenda mwenyewe, nakaa kwenye kizingiti mpaka wanifukuze."

"Wanakuuliza nini?"

"Wanauliza mdogo wa marehemu, aliyebaki vitani, atarudi lini. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama tunashinda."

Jenerali alitazama njiti iliyolala juu ya meza. "Zangu zinajibiwa," alisema. "Majibu yako kwenye kabati. Wanaandika hivyohivyo."

Kisha akakohoa, akanyoosha mgongo na kurudi kuwa Jenerali, maana hata huruma ina mipaka ya cheo. "Sasa sikiliza. Masanduku saba ya dawa ya homa ninayo. Lori moja lenye mafuta ya kwenda na kurudi, ninalo. Wewe una wagonjwa wangu wangapi?"

"Arobaini na watatu. Ila sina machela."

"Machela ninazo. Niliziandaa kwa ajili ya Alhamisi."

"Basi njoo nazo Alhamisi."

"Alfajiri. Askari wameshaambiwa waamke saa hizo, na mimi sipendi kuvurugiwa ratiba."

"Darajani," Shangazi alisema. "Na wagonjwa wangu mlionao nyie, nawataka pia. Lakini usidhani nimekusamehe."

"Wala mimi. Chai kila mtu aje na yake."

Rais aliigeuza ile karatasi ya amri, na kwa kuwa karatasi zilikuwa adimu, akaanza kuandika upande wa nyuma: masanduku saba, machela arobaini na tatu, watu watano kwa watano. Safari hii alisaini kabla hajaombwa, na akampa shemeji yake asaini chini.

Mlangoni Jenerali aligeuka. Alikuwa amekumbuka kofia, na alipoichukua akakumbuka na mengine. "Wewe. Kwa kosa la njiti, siku saba hutoki chumba hiki."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Dada Redio, mfungwa pekee wa nchi ile aliyefungwa pamoja na feni.

Usifikiri Jenerali aligeuka njiwa usiku mmoja. Jumanne alidai bendera yake iwe ndefu kuliko yao. Jumatano alitaka daraja lipimwe kamba, asije mtu akasogea hata unyayo kuvuka katikati, na Rais akampa kamba akapime mwenyewe, akampotezea asubuhi nzima. Ng'ambo nako, kwa taarifa za Jirani, Shangazi aligoma kwenda kwa sababu hakutaka kukaa, kisha akakubali walipomwambia kwamba viti havipo. Lakini mizinga haikupiga Jumanne. Jumatano haikupiga pia. Mama yao Dada Redio, aliyekuja kumletea nguo za siku saba za kifungo, alisimama uani akiwa ameinamisha kichwa, akauliza, "Mbona leo kunasikika kuku?"

Alhamisi saa tatu asubuhi lori lilirudi. Dada Redio alikuwa na amri ya kutotoka chumbani, lakini amri haikutaja dirisha, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa nje. Machela ziliteremshwa moja moja, zikapangwa kwenye kivuli cha ukuta. Alizihesabu. Kwenye ya kumi na tisa akaona wekundu uliopauka.

"Kitinda!"

Kichwa kikajiinua kidogo. Kilikuwa kimebaki macho na meno, lakini meno yalikuwa yanacheka. Mama yake alikuwa tayari amepiga magoti pembeni, amemshika mguu kama mtu anayeogopa ataibiwa tena.

"Dada!" sauti ilikuwa nyembamba, ikabidi walinzi wanyamaze ili ipite. "Nimeirudisha!"

"Imetoboka, mwizi wewe!" alipiga kelele Dada Redio, machozi yakimdondokea mlinzi aliyesimama chini ya dirisha. "Ulikuwa unaivaa au unaichungia mbuzi?"

Saa kumi alasiri akawasha mtambo kama kawaida, kwa kuwa mateka wengine walikuwa bado huko, na wengine walikuwa bado huku, na mkutano wa pili ulikuwa umepangwa Jumapili. Sweta ilikuwa mapajani mwake, imefuliwa, bado inachuruzika.

"Mia mbili kumi na sita, mzima," alisoma Jirani. "Mia mbili kumi na nane, mzima."

Dada Redio akaliacha lile pengo lipite bila kulikatiza. Orodha ilipokwisha, Jirani hakufunga.

"Jirani. Alifika na sweta?"

"Alifika."

"Kifungo kimoja kilikatika mwaka jana. Nilimshonea mimi. Nilikosa cha rangi yake, usimlaumu."

Dada Redio akaivuta sweta kwenye mwanga wa dirisha. Kweli, vifungo visivyofanana sasa vilikuwa viwili: kile cha zamani, na chini yake kimoja cha kijani cha sare za waasi, kimeshonwa kwa uzi mwingi kupita kiasi, na mtu ambaye hakujua kushona ila alitaka kisikatike tena.

"Kimekaa vizuri," alisema. "Haya, zamu yangu. Subiri nitafute njiti."